Walao hawaandamani, wanavuka mto

Mwaka 1991 serikali ya Laos iliondoa nyundo na mundu kwenye nembo ya taifa, mahali pake ikaweka Pha That Luang, ile stupa (mnara wa ibada wa Kibudha) ya dhahabu ya Vientiane ambayo kila Mlao wa imani ya Kibudha anaiheshimu. Soviet ilikuwa inakata roho, hela za Moscow zimekauka, na wazee wa chama tawala cha kikomunisti wakaona bora kuegemea dini kuliko kuendelea kumwegemea Lenin. Lakini ukipita Vientiane leo ile bendera nyekundu ya nyundo na mundu bado inapepea pembeni ya bendera ya taifa, kwenye ofisi, kwenye maduka, mpaka kwenye mageti ya nyumba za watu. Nembo walibadilisha, mwenye nyumba ni yule yule.

Naandika hii kwa sababu nimechoka kusoma maelezo yale yale kuhusu hawa watu. Fungua makala yoyote ya Kizungu kuhusu Laos utaambiwa Walao ni wapole, wanatabasamu, hawapendi ugomvi, Wabudha wametulia zao, ndio maana chama kimoja kimekaa madarakani toka tarehe 2 Desemba 1975 na hamna anayekisumbua. Wafaransa walipokuwa wanawatawala walikuwa na kejeli yao, eti Mvietnam anapanda mpunga, Mkambodia anautazama unavyoota, Mlao anausikiliza unavyoota. Upuuzi mtupu. Na kinachonikera zaidi ni kwamba chama chenyewe kinaufurahia huo upuuzi, maana kama watu ni wapole wa kuzaliwa basi hakuna haja ya kuuliza nani kawanyamazisha.

Hao hao wasikiliza mpunga walianza kupigana na Mfaransa mwaka 1901 kwenye uwanda wa Bolaven huko kusini, wakiongozwa na Ong Keo, mtu aliyeaminika kuwa na nguvu za kiroho (ukimkumbuka Kinjekitile hujakosea sana, na hata miaka imekaribiana). Wafaransa wakamuua 1910, mwenzake Kommadam akabaki msituni akiendeleza, mpaka naye akauawa 1936. Mtoto wa Kommadam, Sithon, ndiye aliyekuja kuwa kiongozi ndani ya Pathet Lao, lile vuguvugu lililochukua nchi 1975. Ni kweli hao walikuwa watu wa makabila ya milimani na si Walao wa bondeni, Laos ina makabila 50 yanayotambuliwa rasmi, lakini ndio raia wa nchi hiyo hiyo tunayoambiwa haina ugomvi.

Mi Laos niliijua kwa mlango wa nyuma. Nilisoma Khon Kaen, kaskazini mashariki mwa Thailand, ukanda unaoitwa Isan, na huko ndiko nilikokuja kushtuka kwamba Walao wengi duniani hawaishi Laos. Isan ina watu zaidi ya milioni 20 na kwa wengi wao lugha ya nyumbani ni Kilao, wanakula wali ule wa kunata kwa mkono, wanaweka padaek kwenye kila kitu, ule mchuzi wa samaki wa kuvundika ambao mtu akifungua chupa mtaa mzima unajua, ila kwenye kitambulisho ni Wathai. Laos yenyewe ina watu milioni saba na nusu hivi. Historia ndiyo ilifanya hivyo: Siam, yaani Thailand ya zamani, iliteketeza Vientiane mwaka 1828 baada ya mfalme Anouvong kuasi, ikahamisha watu kwa maelfu kuwaleta upande wa magharibi wa Mekong, afu 1893 Wafaransa wakachukua upande wa mashariki na mto ukawa mpaka. Kwa hiyo Mlao akivuka kwenda Nong Khai, mji wa Thailand ng'ambo ya mto, haendi ugenini. Kitu pekee kinachobadilika pale Daraja la Urafiki ni upande wa barabara, Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, Laos kulia, magari yanapishana yanahamia upande mwingine. Mengine yote anayajua. Watu wanaongea kama bibi yake, na hata vipindi vya TV ni vile alivyokua akiviangalia, maana Vientiane watu wanaangalia chaneli za Thailand, ya serikali yao wanaiacha iongee peke yake.

Hili la mto naomba mlishike.

Vita ya Vietnam iliyomwagikia Laos siwezi kuiruka, ila sitakaa nayo sana. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliidondoshea Laos mabomu zaidi ya tani milioni 2, safari za ndege 580,000, ukigawanya ni kama ndege moja kushusha mzigo kila dakika 8, usiku na mchana, kwa miaka 9, tena kwenye nchi ambayo rasmi haikuwa vitani nayo. Humo kulikuwa na vibomu vidogo vya kutawanyika kama milioni 270, na kama milioni 80 kati ya hivyo havikulipuka, vimelala ardhini mpaka leo na watoto wanavidhani mipira. Toka vita iishe watu zaidi ya 20,000 wameuawa au kujeruhiwa navyo. Chama kiliendesha vita hiyo kikiwa kwenye mapango ya Viengxay, mkoa wa Houaphanh, humo ndani ya mwamba kulikuwa na hospitali, sehemu ya kuoka mikate, hadi ukumbi wa maonyesho. Na uhalali wake wote unatoka humo: sisi ndio tuliokaa mapangoni wakati nyie mnapigwa mabomu. Ni hoja nzito, siibezi hata kidogo, mtu aliyepoteza shangazi na ng'ombe kwa bomu la B-52 hawezi kuichukulia poa.

Ila baada ya ushindi ndio mambo yakageuka. Mfalme Savang Vatthana aliachia kiti Desemba 1975, miaka miwili baadaye yeye na malkia na mwanae mrithi wakapelekwa huko huko Houaphanh na hawakurudi tena. Makumi ya maelfu ya maafisa na askari wa serikali ya zamani wakaitwa kwenda kwenye walichokiita semina, kumbe ni kambi za kifungo, wengine walibeba nguo za wiki chache wakakaa zaidi ya miaka kumi. Na hapo watu wakaanza kuvuka. Usiku, kwa mitumbwi, kwa matairi ya ndani ya gari, kwa kuogelea. Zaidi ya 300,000 waliondoka ndani ya miaka kumi na kidogo, yaani karibu mtu mmoja kati ya kumi, wakiwemo Wahmong, kabila la milimani, waliopigania upande wa CIA chini ya jenerali Vang Pao, na sehemu kubwa ya waliosoma, madaktari, wahandisi, walimu. Chama kilibaki na nchi isiyo na wapinzani kwa sababu wapinzani walikuwa kwenye kambi za wakimbizi upande wa pili wa maji, au njiani kwenda Ufaransa na Minnesota.

Sasa sikia sehemu ambayo wengi hawaisimulii. Mwaka 1976 chama kilikataza watu kuwapa watawa wali asubuhi. Ile kitu ya alfajiri, watawa wanapita kwa mstari na mabakuli, akina mama wamepiga magoti barabarani na vikapu vya wali wa kunata, kila mtawa anawekewa donge, ndio moyo wa maisha ya Mlao, mtu anafanya ili apate thawabu zake na za marehemu wake. Chama kikasema huo ni unyonyaji, watawa wakalime. Hamna aliyeandamana. Lakini watu walichukia kiasi kwamba haikupita muda marufuku ikalegezwa, na leo hao hao wakubwa wa chama wanapigwa picha wamepiga magoti That Luang.

Afu 1978 vikaja vyama vya ushirika vya kilimo, mashamba ya pamoja, ng'ombe wa pamoja. Msomaji wa Tanzania aliyeishi enzi za operesheni vijiji hapa sina haja ya kumwelezea. Wakulima wa Laos walifanya nini? Wakachinja mifugo wakala, kuliko kuipeleka kwenye ushirika. Wakalima ya kuwatosha wenyewe basi. Na waliokuwa karibu na mto wakavuka. Katikati ya 1979, mwaka mmoja tu, Kaysone Phomvihane, ambaye alikuwa ndiye chama na chama ndiye yeye, akasimamisha zoezi. Hakukuwa na maandamano wala risasi, watu walijitoa tu, na chama kwa kuwa kilikuwa kinakula mpunga wao, kikanywea. Miaka kadhaa baadaye, 1986, mkutano mkuu ukapitisha mfumo mpya wa uchumi, soko likarudi, watu wakaruhusiwa kuuza na kununua. Wataalamu wanasema ni kuiga Vietnam na Gorbachev. Mi nasema wakulima walishapiga hiyo kura miaka saba kabla.

Kwa hiyo ukiniuliza Walao wanapingaje, jibu langu ni hilo. Wanaondoka. Wakishindwa kuondoka wanapunguza kasi.

Kuna waliojaribu njia ya maneno. Mwaka 1990 serikali ilitoa rasimu ya katiba, nchi ilikuwa haina katiba toka 1975, ikawaambia wananchi waijadili. Watu watatu wakubwa serikalini wakaijadili kweli: Thongsouk Saysangkhi, naibu waziri wa sayansi na teknolojia, Latsami Khamphoui, aliyekuwa naibu waziri upande wa uchumi na mipango, na Feng Sakchittaphong wa wizara ya sheria. Wakaandika wakitaka mageuzi na vyama vingi, na Thongsouk kwenye barua ya kujiuzulu akaufananisha utawala na ufalme wa kikomunisti. Oktoba 1990 wakakamatwa. Mwaka 1992 wakahukumiwa miaka 14, wakapelekwa kambi ya Houaphanh (unaona mkoa huo unavyojirudia, mapango, mfalme, sasa hawa). Thongsouk alikuwa na kisukari, akafia huko Februari 1998. Wenzake wawili walitoka Oktoba 2004, wametumikia yote, hakuna hata siku moja ya msamaha.

Hapa lazima niseme kitu kwa sisi tuliokulia kwenye chama kushika hatamu, kwa sababu tarehe zinaumiza. Mwaka 1990 huo huo Mwalimu, akiwa bado mwenyekiti wa CCM, alianza kusema hadharani kwamba kujadili vyama vingi si uhaini. 1991 ikaundwa Tume ya Nyalali, ikazunguka nchi, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wakasema wanataka chama kimoja kibaki, tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na 1992 sheria ikapita. Kenya wao walifuta kile kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, Desemba 1991. Najua mtakachosema kuhusu yaliyofuata huku kwetu na mimi nina yangu mengi ya kusema, siku nyingine. Ninachotaka muone ni kwamba swali lilikuwa lile lile, kwenye miaka ile ile, nchi maskini zenye chama cha ukombozi, ila kule mtu aliyeliuliza aliletewa pingu badala ya tume.

Na lile neno la Thongsouk kuhusu ufalme, hebu litazame na majina ya leo. Kaysone alifariki Novemba 1992, akiwa rais. Chama kikashikwa na Khamtay Siphandone mpaka 2006, mzee ambaye alifariki Aprili 2025 akiwa na miaka 101. Mwaka 2021 Xaysomphone Phomvihane, mtoto wa Kaysone, akawa spika wa Bunge. Viengthong Siphandone, binti wa Khamtay, akawa rais wa mahakama ya juu kabisa ya nchi. Kaka yake mmoja, Athsaphangthong, akapewa mji mkuu Vientiane. Na kaka mwingine, Sonexay, akawa waziri mkuu mwishoni mwa 2022. Bunge, mahakama, jiji, serikali. Mgawanyo wa madaraka upo, unafanyika mezani wakati wa chakula cha jioni. Sitaki kumwonea mtu, inawezekana kila mmoja wao ana uwezo wake na Thongloun Sisoulith aliyechukua ukatibu mkuu 2021 si mtoto wa mzee yeyote kati ya hao wawili, lakini wanachama wa chama ni zaidi ya laki tatu, na bado viti vya mbele vinajaa watoto wa nyumba zile zile.

Uchaguzi upo pia, msidhani haupo. Kila miaka mitano, na waliojitokeza wanatangazwa kuwa karibu asilimia 98. Wagombea wanachujwa kabla, na 2021 wabunge 164 waliochaguliwa 158 walikuwa wa chama na 6 hawana chama. Mwenyekiti wa kijiji anajua nani hajaenda kupiga, kama mjumbe wa nyumba kumi alivyokuwa anajua nani hajaja kwenye mkutano. Jengo la Bunge ni zuri sana, ni zawadi ya Vietnam. Daraja la Urafiki lilijengwa kwa hela ya Australia mwaka 1994. Ukumbi wa taifa wa utamaduni China walitoa. Mabomu ya Marekani yanateguliwa kwa hela ya Marekani. Reli ni mkopo wa China. Nchi ina wafadhili wa kila rangi, na kila mfadhili kwa sababu zake anaipenda hali ilivyo.

Reli tuiongelee kidogo. Ilifunguliwa Desemba 2021, kilomita zaidi ya 400 kutoka Boten mpakani mwa China hadi Vientiane, karibu dola bilioni 6, kampuni ya pamoja ambayo China ina asilimia 70. Safari ya kwenda Luang Prabang iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi kwenye milima sasa ni kama saa mbili, na Walao wenyewe wanaipenda, tiketi zinagombewa, siwezi kudanganya. Tatizo ni kwamba ilikuja juu ya madeni mengine, mabwawa hasa, maana Laos ilijipa kazi ya kuwa betri ya Asia ya Kusini Mashariki, ikajenga mabwawa kwenye Mekong na vijito vyake ili iiuzie Thailand umeme. Mwaka 2018 bwawa moja mkoa wa Attapeu lilipasuka kabla hata halijaanza kazi, vijiji vikasombwa, watu kwa makumi wakafa na maelfu wakabaki bila makazi. Deni la taifa likapita ukubwa wa uchumi wenyewe, karibu nusu ya deni la nje ni la China, na usimamizi wa gridi kubwa ya umeme ukaishia kwenye kampuni ambayo Wachina ndio wenye hisa nyingi. Kip, hela ya Laos, ikaanguka, dola iliyokuwa kip elfu tisa na kitu mwaka 2021 ikapita elfu ishirini ndani ya miaka miwili. Februari 2023 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40.

Mwezi Mei 2022 Vientiane ilikuwa na foleni za mafuta ambazo hazijawahi kuonekana. Nchi haina dola za kuagiza petroli. Watu wamekaa sheli toka alfajiri na pikipiki zao, wanarekodi, wanaposti, na kwa mara ya kwanza nikaona Walao wanaandika Facebook kwa majina yao vitu ambavyo zamani walikuwa wananong'ona. Desemba 30 mwaka huo waziri mkuu Phankham Viphavanh akajiuzulu, akataja umri na afya. Ndipo akaingia Sonexay.

Kwa nini wananong'ona inabidi niseme, na hapa nitakaa.

Sombath Somphone alikuwa mtu wa kilimo na elimu ya vijana, ameanzisha kituo cha mafunzo, amepewa tuzo ya Magsaysay, moja ya tuzo kubwa za Asia, mwaka 2005, hakuwa mpinzani wa serikali hata kwa kipimo chao, alikuwa anaongea kwa upole mpaka unasogeza sikio. Oktoba 2012 alisaidia kuandaa jukwaa la wananchi wa Asia na Ulaya pale Vientiane, na huko baadhi ya wanavijiji wakasimama wakalalamika kuhusu ardhi yao. Desemba 15 jioni anarudi nyumbani na jeep yake kwenye barabara ya Thadeua, mkewe Ng Shui Meng yuko kwenye gari lingine mbele yake. Mke alifika. Mume hakufika. Familia ikaenda polisi ikaomba kuona picha za kamera za barabarani, polisi wakaonyesha, na ndugu mmoja akawa mjanja akarekodi kioo kile kwa simu. Ndio maana dunia nzima iliona: trafiki wanasimamisha jeep, Sombath anaingizwa kwenye kibanda cha polisi, anakuja mtu na pikipiki, anaiacha pikipiki anaondoka na jeep, kisha inakuja pikapu taa zinamweka, watu wanamwingiza, wanaondoka. Polisi wako pale pale. Serikali ikasema haijui alipo. Inasema hivyo mpaka leo, na Shui Meng anauliza mpaka leo.

Baada ya hapo hauhitaji kukamata watu wengi. Kila Mlao niliyewahi kuongea naye siasa, hata Khon Kaen upande wa pili wa mto, alishusha sauti kwenye jina hilo.

Mtandaoni nako wakafuatwa. Amri namba 327 ya 2014 ilifanya kukikosoa chama kwenye intaneti kuwa kosa. Mwaka 2019 dada mmoja wa kusini, Houayheuang Xayabouly, alirekodi video akilalamika kwamba serikali imechelewa kusaidia watu wa mafuriko, akapewa miaka mitano. Mafuriko jamani, hakusema neno kuhusu katibu mkuu. Aprili 2023 kijana aliyekuwa anaendesha ukurasa wa Facebook wa kukosoa, Anousa Luangsuphom, alipigwa risasi mbili ndani ya mgahawa Vientiane, kamera zikaonyesha kila kitu, akapona kwa kudra.

Wakati huo huo kuna kipande cha Laos ambacho hakimuogopi mtu. Bokeo, kaskazini magharibi, pembeni ya mto, mfanyabiashara wa Kichina anaitwa Zhao Wei alipewa ardhi kwa miaka 99 akajenga kasino na mji, saa za ukutani zinafuata Beijing, hela inayotembea ni yuan. Marekani ilimwekea vikwazo 2018. Hapo ndipo yalipojaa maghorofa ya matapeli wa mtandaoni, na hapo ndipo hii habari inapotugusa sisi moja kwa moja, kwa sababu mwaka 2022 ubalozi wa Kenya Bangkok ulihangaika kuwatoa vijana wa Kenya na Uganda waliodanganywa kazi za kastama kea Thailand wakaishia wamefungiwa Myanmar na Laos wakilazimishwa kutapeli. Wengi wetu Afrika Mashariki jina Laos tulilisikia kwa mara ya kwanza kwenye hizo habari. Serikali ambayo inaweza kumpata dada wa video ya mafuriko ndani ya siku chache ilichukua miaka kuyaona maghorofa yale, na Agosti 2024 ndio ikatoa amri ya kuyasafisha.

Sasa swali la mbele, chama kimoja kitaenda mpaka wapi. Geti la chuo chetu kulikuwa na dada kutoka Savannakhet anatwanga saladi ya papai, kinu cha udongo, pilipili anakuuliza ngapi afu anaweka anavyotaka yeye. Kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Wa kujitolea, yaani wanafundisha bila mshahara wakisubiri nafasi ya ajira ya serikali ifunguke, inaweza isifunguke miaka na miaka. Aliniambia darasa lake la mwisho wavulana walikuwa wanamuuliza Thailand wanalipa ngapi, na yeye ndiye mwalimu wao. Kima cha chini Thailand ni zaidi ya baht 300 kwa siku. Nikamuuliza kama kip isingeanguka angebaki, akacheka, akasema nile chakula.

Niliwahi kudhani kuondoka kwao kutafanya kazi kama 1979. Siku hizi sidhani. Mwaka 1979 chama kilikuwa kinategemea mpunga wa mkulima, mkulima akigoma ofisi inalala njaa. Leo chama kinategemea umeme unaouzwa Thailand, shaba na dhahabu, ada za mizigo, na mikopo. Kijana wa Savannakhet akivuka hakiumii, tena anatuma baht nyumbani, mama yake ananunua mchele, hasira inapungua. Kila anayeondoka ni mtu mmoja pungufu wa kusimama kwenye foleni ya mafuta na simu mkononi. Ule mlango uliokitikisa chama zamani sasa ndio unaokipumzisha, na sioni kwa nini wangetaka kuufunga.

Kinachoweza kukitikisa ni aliyekikopesha. China imekuwa ikiwaahirishia malipo mwaka hadi mwaka, na anayekuahirishia deni ana sauti ya kukwambia nani akae wapi, ila Beijing haina shida na chama kimoja, wala Hanoi haina, hao wawili wakigombana Vientiane watagombania watu gani wawe juu, si vyama vingapi. Mkutano mkuu ukikaa kila miaka mitano waandishi wanahesabu nani wa China nani wa Vietnam kama timu za mpira. Mlao wa kawaida hayumo kwenye hesabu hizo. Atakachopata, na nadhani atakipata kidogo kidogo, ni ruhusa ya kulalamikia vitu vidogo, bei, barabara, mwenyekiti wa kijiji mla rushwa, kwa sababu 2022 iliwafundisha kwamba kelele za petroli zinaweza kuhamisha kiti cha waziri mkuu bila kugusa chama. Kwao hiyo ni habari njema.

Mwaka 2035 jamhuri yao itatimiza miaka 60. Mi ningekuwa mtu wa kubeti ningeweka hela kwamba chama kitakuwepo, bendera za nyundo na mundu zitakuwepo, watawa watapita asubuhi na mabakuli, na mmoja kati ya wakubwa watatu wa nchi atakuwa na jina la ukoo ambalo umeshalisoma kwenye hii makala. Anayebisha tuwekeane, ila si kwa kip.